Umefunga injini ya gari jingine, sasa gari linaleta visa: anzia wapi kutafuta

Kigoma bado ina Land Rover 109 zinazofanya kazi kila siku. Zinabeba mawese, dagaa, saruji na watu kwenda vijiji ambavyo basi haliendi. Ukifungua boneti, ni chache utakazozikuta na injini zilizotoka nazo kiwandani. Ile ya petroli ya lita 2.25 iling'olewa zamani, na mahali pake imekaa injini ya dizeli: 3L ya Toyota, TD27 ya Nissan au 4JB1 ya Isuzu. Wapo waliothubutu kufunga 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, kwenye chesisi ya Land Rover. Bedford nazo zinatembea na Perkins ya trekta au injini ya Fuso. Si jambo geni hapa: hata MV Liemba iliingia ziwani ikiwa meli ya mvuke, ikaja kufungwa injini za dizeli miaka ya 1970.

Malalamiko yanayofuata baada ya kazi hii huwa yale yale, na mengi hayatoki ndani ya injini. Injini hiyo ilikuwa ikifanya kazi vizuri kule ilikotoka. Kwa hiyo kabla hujafungua silinda hedi, jiulize: kule ilikuwa ikipata nini ambacho hapa haipati? Hewa, maji, upepo wa feni, umeme, dizeli isiyo na upepo, nafasi ya kupumua. Tafuta kwenye maungio, pale gari la zamani linapokutana na injini ngeni. Ndipo penye ugonjwa mara nyingi kuliko popote.

Kabla ya yote: geji inasema kweli?

Geji ya joto na ya oili kwenye dashibodi zilitengenezwa kusoma sensa za injini ya zamani. Sensa ya Toyota ukiiunganisha na geji ya Land Rover, mshale utasimama popote unapotaka. Wapo waliofungua injini nzima kwa sababu ya mshale, na wapo waliounguza injini huku mshale umetulia katikati.

Njia rahisi ni kubaki na sensa ya zamani pamoja na geji yake. Peleka kwa fundi wa kukereza akutengenezee kiungo cha shaba chenye nyuzi za injini nje na nyuzi za sensa ndani. Njia bora zaidi, na ndiyo ninayoipendelea, ni geji za mitambo: ya oili inayosoma kwa kipaipu chembamba, na ya joto yenye kapilari. Hazihitaji umeme wala hazijali injini imetoka wapi. Usianze safari ndefu kabla ya kuzifunga.

Gari linachemsha likipanda, kwenye tambarare limetulia

Hili ndilo lalamiko namba moja, na mazingira yetu yanalizidisha. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara ya Kasulu au ya Manyovu ni kupanda. Maji yasiyofungiwa kwenye mgandamizo huchemka kwenye nyuzijoto 97 hivi pale mjini, na chini zaidi ya hapo ukishafika juu. Kofia mbovu ya rejeta peke yake inatosha kukulaza njiani.

Anza na vya bei nafuu. Kofia ya rejeta: mpira wake umekakamaa? Springi imelegea? Badilisha, hata kwa kujaribu tu. Kisha feni. Je, iko mbali na rejeta? Injini fupi ikifungwa nyuma kidogo, feni hubaki inazungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Je, ina boksi la kuizunguka? Feni bila boksi haivuti hewa kupitia rejeta yote, inavuta kipande cha katikati tu. Boksi la bati linalotengenezwa kwa siku moja, likafunika rejeta yote na kuacha nusu ya upana wa feni ndani yake, limeponya magari mengi kuliko rejeta mpya. Kama feni ni ya umeme, shika karatasi mbele ya rejeta: iking'ang'ania kwenye wavu, feni inavuta; ikipeperushwa kuelekea mbele, waya zimegeuzwa.

Sababu inayofuata ni upepo ndani ya maji. Injini nyingi za Toyota na Nissan ni ndefu kwenda juu kuliko ile ya Land Rover, kwa hiyo sehemu ya juu ya silinda hedi inakaa juu ya tenki la juu la rejeta. Upepo hupanda na kukaa hedini, pale pale penye moto mkali. Dalili yake: hita haitoi joto, mpira wa juu ni wa moto upande mmoja na wa vuguvugu upande wa pili, na maji yanarushwa nje muda mfupi baada ya kujaza. Dawa ni kufunga tenki dogo la kujazia mahali palipo juu kuliko sehemu yoyote ya injini, lenye kofia ya mgandamizo, na kipaipu kinachotoka kwenye sehemu ya juu kabisa ya hedi kuingia humo. Wakati wa kujaza, inua pua ya gari kwenye kilima na uache injini iwake bila kasi mpaka mapovu yaishe.

Rejeta yenyewe iache iwe ya tatu. Kama imeziba, gusa uso wake gari likiwa limezimwa na feni imesimama: sehemu zilizopoa katikati ya zenye moto ndizo zilizoziba. Na usitoe themostati ukidhani unasaidia. Bila hiyo maji hupita haraka, sehemu nyingine za injini hupozwa na nyingine haziguswi.

Simama hapa na ita fundi kama unaona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiwaka, au oili imekuwa kama maziwa, au moshi mweupe wenye harufu ya kolanti unatoka hata injini ikiwa moto. Hiyo ni gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka, na injini za jamii ya 2L zinajulikana kwa kupasuka hedi zikichemshwa. Kuendelea kutembea nayo ni kuua kilichobaki. Na kofia ya rejeta ya moto usiifungue kamwe. Mvuke unachubua uso kabla hujarudi nyuma.

"Fundi, breki imekuwa jiwe"

Hii inakuja kwa wanaotoka petroli kwenda dizeli: Land Cruiser za zamani zilizokuwa na 2F, Hilux, Peugeot. Mwenye gari anasema pedali ni ngumu, gari linasimama kwa shida, wakati breki zote ni mpya.

Busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inafanya kazi kwa kuvutwa hewa. Injini ya petroli inaivuta kupitia manifodi yake. Dizeli ya kawaida haina kizuizi kwenye njia ya hewa, kwa hiyo hakuna mvuto wa kutosha hapo. Ndiyo maana alteneta nyingi za dizeli za Kijapani zina pampu ya vakyumu nyuma yake, inayolainishwa na oili ya injini.

Jaribu hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka ikaze. Ishikilie imekanyagwa, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta haipati kitu. Angalia kwanza mpira wa busta umeunganishwa wapi. Mara nyingi fundi ameuchomeka kwenye manifodi ya dizeli, au ameufunga kwa bolti ili "usivuje". Kisha angalia alteneta: ina pampu nyuma, au alteneta iliyokuja na injini ilikufa ikabadilishwa na ya kawaida? Baada ya hapo mpira wenyewe. Wa maji haufai, hujikunja ndani unapovutwa. Mwisho ni vali ya upande mmoja iliyogeuzwa, halafu pampu iliyochoka au isiyopata oili.

Gari la namna hii lisitoke gereji. Silisemi hili kwa kutisha watu: mteremko wa kurudi mjini ukiwa na tani moja mgongoni hausubiri mguu uzoee. Lori ambalo limehama kutoka breki za vakyumu kwenda za upepo, au kinyume chake, ni kazi ya fundi wa breki tu, hata kama wewe ni fundi injini mzuri.

Stata inazunguka kivivu, au inabofya tu

Usinunue betri bado. Kwenye gari lililobadilishwa injini, chanzo kikuu ni waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Injini imekaa juu ya mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme. Waya mnene uliokuwa ukiunganisha injini ya zamani na chesisi ulitolewa, ukasahaulika sakafuni. Umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na unaipata.

Nilionyeshwa hili kwenye Land Rover moja pale Mwanga. Kila ikipigwa stata, kulitoka harufu ya plastiki. Waya wa akselereta, ule mwembamba wa chuma ndani ya ganda jeusi, ulikuwa wa moto kiasi cha kutoshikika, na ganda lilikuwa limeyeyuka kwa mstari mmoja mrefu hadi kwenye pedali. Umeme wote wa stata ulikuwa ukipita humo. Siku waya ule ungenasa ndani, akselereta ingebaki imekanyagwa.

Kipimo hakihitaji vifaa: chukua waya wa kuazimia umeme, upande mmoja kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma kisafi cha injini. Stata ikizunguka vizuri, umepata. Mwenye mita apime kati ya injini na hasi ya betri wakati wa kupiga stata. Ikizidi nusu volti, ethi haitoshi. Funga waya mnene kama ule wa betri, chuma kikwanguliwe rangi.

Kinachofuata ni volti kutolingana. Canter na baadhi ya Land Cruiser ni za volti 24, Land Rover ni 12. Stata ya 24 kwenye betri ya 12 huzunguka kivivu, na hita plagi za 24, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, haziwi nyekundu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: hita plagi za volti ndogo kwenye umeme mkubwa huungua, na ncha yake inaweza kukatika ikaangukia kwenye silinda. Soma namba kwenye stata, alteneta, hita plagi na solenoidi ya pampu (swichi ya umeme inayofungua na kukata dizeli), kimoja kimoja, usiamini kwamba vyote vimetoka kwenye gari moja. Alteneta ya 24 kwenye gari la 12 utaijua kwa balbu zinazokatika na betri inayochemka. Betri inayochemka hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo izime injini kwanza, usichomoe waya wa betri ikiwa inawaka.

Na kama Land Rover yako ni ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, thibitisha betri imefungwa hasi kwenye chesisi. Za zamani zilikuwa chanya kwenye chesisi. Alteneta ya kisasa ukiifunga hivyo, inakufa papo hapo.

Injini zenye kontrol boksi, yaani kompyuta, kama 1KZ-TE ya Toyota, ni habari nyingine. Bila waya zake zote, sensa zake zote na mara nyingine ufunguo wake, haitaamka au itawaka bila nguvu. Ukitaka ushauri wangu kwa gari la shamba huku kwetu: tafuta injini yenye pampu ya mitambo.

Inawaka asubuhi, inazima, inakosa nguvu mlimani

Karibu kila mara ni upepo kwenye dizeli. Paipu za petroli za zamani zina viungo ambavyo havikuvuja petroli nje, lakini pampu ya dizeli inavyonyonya, vinaingiza upepo ndani. Pia tenki la petroli la zamani mara nyingi halina njia ya marejesho, na pampu ya dizeli inahitaji kurudisha ziada tenkini. Wengine huunga marejesho kwenye paipu ya kwenda. Injini inazunguka na mapovu yake yenyewe.

Chukua dumu safi la dizeli, lifunge juu kuliko pampu, mpira mmoja wa kunyonya na mwingine wa marejesho viingie humo. Endesha. Ugonjwa ukiisha, tatizo liko kati ya tenki na pampu, huna haja ya kugusa nozeli. Kisha weka kipande cha mpira angavu kabla ya pampu uone mapovu yanaanzia wapi. Tenki lililokaa na petroli miaka mingi lina kutu na gundi; lioshwe, na usithubutu kulichomelea kabla halijajazwa maji, mvuke wa petroli umeua mafundi.

Moshi mweusi ukiwa mwingi, angalia paipu ya hewa na eksozi kabla ya kugusa skrubu ya pampu. Injini ya lita 4.2 haipumui kupitia eksozi ya lita 2.25. Kuongeza au kupunguza dizeli na kupanga taiming ya pampu ni kazi ya fundi pampu na nozeli mwenye mashine.

Gia zinagoma, klachi inapiga kelele

Zima injini, jaribu gia zote. Zikiingia laini, kisha zikagoma injini ikiwaka, klachi haiachii. Zikigoma hata injini imezimwa, ni fimbo za gia au mauntingi ya gia boksi imekaa vibaya.

Klachi isiyoachia, anzia kwenye mafuta: toa upepo, kisha ulinganishe masta silinda ya juu na ile ya chini, maana zikitoka magari mawili tofauti huenda moja haisukumi ya kutosha. Inafuata rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, isiyofika presha pleti. Zaidi ya hapo ni pleti ya kuunganishia injini na gia boksi. Pleti iliyokatwa kwa macho haiko katikati, na ikihama hata sehemu mbili za kumi za milimita, beringi ndogo ya flaiwili inaliwa, gia zinaanza kuruka, shafti ya kuingizia inachoka. Pleti ikiwa nyembamba kupita kiasi, ncha ya shafti inasukuma kranki, na hapo unaua metali za ubavu wa injini. Pima kina kabla ya kufunga bolti.

Flaiwili haichomelewi. Yenye ufa au matundu mapya yaliyotobolewa kwa kubahatisha inaweza kupasuka kwenye kasi na kupita sakafuni miguuni mwa dereva. Kazi hii ipelekwe kwenye mashine ya kukereza, tena na flaiwili, pleti na gia boksi vyote pamoja.

Mtetemo

Ukiwepo hata gari limesimama, ni mauntingi. Ukija kwenye kasi fulani tu, ni propela: injini imeinamishwa, pembe za joinsi za mbele na nyuma hazilingani. Weka kabari au rekebisha mauntingi ya gia boksi mpaka zilingane.

Taa ya oili inawaka mlimani au kwenye kona

Kama sampu, bakuli la oili chini ya injini, imebadilishwa au kukatwa ili ipishe difu ya mbele, kijiti cha kupimia hakisemi kweli tena. Mwaga oili, jaza kiasi kilichoandikwa cha injini, kisha chora alama mpya kwenye kijiti. Geji ya mitambo ikithibitisha mgandamizo umeshuka, zima papo hapo, vuta gari. Kuendelea hata dakika chache ni kunoki, injini inakwama kabisa.

Nguvu imeongezeka, lakini linakata shafti au halikimbii

Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 160. 1HZ inatoa zaidi ya 270. Gia boksi na ekseli za Land Rover ya zamani hazikuumbwa kwa hilo. Ondoka taratibu, au ubadilishe na gia boksi pia.

Kwa injini ya trekta ni kinyume. Inaishia mizunguko 2,200 hivi kwa dakika. Land Rover Series III yenye difu ya uwiano wa 4.7 na matairi ya 7.50-16 itafika kama kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya nne, basi. Difu ya 3.54 inaipeleka karibu 80. Lakini badilisha ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Zikitofautiana, siku utakapoweka four wheel ndipo gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, itavunjika.

Injini haizimiki

Ukizima ufunguo na injini ikaendelea kwa utulivu, solenoidi ya pampu inapata umeme wa kurudi, mara nyingi kupitia waya wa taa ya chaji kutoka kwenye alteneta. Fundi umeme ataweka dayodi. Pampu za zamani zisizo na solenoidi zinahitaji waya wa kuvuta; ufungwe, usitegemee kuizima kwa gia.

Ikiwa injini inapanda kasi yenyewe na moshi mzito wa bluu, inakula oili yake. Weka ubao au bati kwenye mdomo wa hewa, kamwe si mkono wala kitambaa, na watu wakae mbali nayo. Ikizima, usiiwashe tena mpaka fundi aangalie tabo (turbo) na njia ya kupumua ya injini.

Namba ya injini hailingani na kadi

Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, nenda TRA na gari likaguliwe, kadi irekebishwe. Nunua injini ya mtumba yenye risiti na hati ya forodha, na piga picha namba yake kabla haijafungwa, kwa sababu kwenye chesisi nyingine ukuta wa injini huifunika kabisa.